Nimeomba Jeshini Mara Mbili, Sijaitwa

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 25, ninaishi Geita. Nilijitolea JKT baada ya kidato cha sita, kisha nikasoma chuo kikuu, na sasa nina shahada ya uhandisi wa umeme. Tangu utotoni nimetamani kuwa afisa wa Jeshi la Wananchi na kusoma chuo cha maafisa cha Monduli. Nimeomba mara mbili, ya kwanza kwa cheti cha kidato cha sita, ya pili kwa shahada, na mara zote mbili sikuitwa kwenye usaili. Barua zote niliandikiwa na mtu wa steshenari. Cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu kamili, lakini cha kidato cha nne kina mawili na herufi moja katikati. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na nadhani jibu lake kubwa umeliandika mwenyewe katika sentensi mbili za mwisho.

Kwanza nikuondolee dhana moja inayowapotosha vijana wengi. Kwa kawaida mtu haombi Monduli kama anavyoomba chuo kikuu. Anaomba kuandikishwa jeshini, anapita mafunzo ya awali ya kijeshi, na wanaoonekana wanafaa ndio wanaochujwa kuwa maafisa wanafunzi katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, ambako baadhi yao siku hizi husoma Shahada ya Sayansi ya Kijeshi hapo hapo kabla ya kutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu na kuvaa cheo cha Luteni Usu, cheo cha kwanza cha uafisa. Kwa hiyo barua yako inapofika, haisomwi na mtu anayetafuta kusikia ndoto yako ya Monduli, bali na mtu anayetaka kujua kama umetimiza masharti ya tangazo, na ana barua nyingine nyingi mezani.

Sasa tuje kwenye jina. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Bakari Saidi Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Bakari S. Mohamed, na kitambulisho cha Taifa kinasema Bakary Said Mohamed. Wewe unajua kwamba wote watatu ni mtu mmoja, lakini msomaji wa maombi hakujui, na hana sababu ya kukubali neno lako wakati kuna waombaji ambao karatasi zao zote zinasema jina moja kwa tahajia moja. Vyeti vya Baraza la Mitihani ndivyo vigumu zaidi kubadilika, kwa hiyo ni busara kuanzia hapo na kuvifanya vingine vivifuate: nenda ofisi ya NIDA ya wilaya kwa taarifa za kitambulisho, nenda RITA kwa cheti cha kuzaliwa, na pale isipowezekana kurekebisha, mwone wakili akuandalie kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kazi hii huchukua wiki, pengine miezi, na tangazo likishatoka siku za kuomba huwa chache. Ianze Jumatatu ijayo. Tangazo la mwaka 2025 liliweka ukomo wa miaka 24 kwa wenye elimu ya kidato cha nne na cha sita, na miaka 27 kwa wenye shahada. Muda unao, mwanangu, lakini si mwingi.

La pili ni barua yenyewe. Tangazo hilo hilo lilitaka maombi yaandikwe kwa mkono. Kama sharti liko hivyo nawe ukapeleka karatasi iliyochapwa steshenari, umeonyesha kabla hata hujaonana na mtu kwamba hukusoma maelekezo, au uliyasoma ukayapuuza, na katika kazi ya uafisa yote mawili ni makosa mazito. Hata pale ambapo kuchapa kunaruhusiwa, nisingekushauri uandikiwe. Nimewasaidia vijana wengi wa mtaani kwetu kupitia barua zao, na zile za steshenari nazijua kwa aya yake ya pili: «Mimi ni kijana mzalendo, mchapakazi, mwenye nidhamu na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu.» Aya hiyo haina hata neno moja linalomhusu mwandishi peke yake. Weka badala yake jambo linaloweza kuhakikiwa: kikosi cha JKT ulichokuwapo, jina la operesheni yenu (yaani jina lililopewa kundi lenu la mafunzo), mwaka ulioanza na uliohitimu, wadhifa uliopewa ukiwa huko kama ulipewa, na fani uliyosomea chuoni. Taja tangazo unalolijibu na tarehe yake, andika jina lako kama lilivyo kwenye vyeti, weka namba ya simu inayopatikana, tia saini. Ukurasa mmoja unatosha. Ambatisha kilichotakiwa tu, tena kwa mpangilio ule ule uliotajwa, na usisahau cheti cha JKT, maana bila hicho shahada yako haitakusaidia.

Ukiitwa, utakaguliwa vyeti halisi, utapimwa afya, utakimbizwa na kuulizwa maswali. Mwili haujengwi kwa wiki mbili, kwa hiyo anza sasa kukimbia alfajiri mara nne kwa wiki, ukiongeza umbali kidogo kidogo, na nenda hospitali upime macho, meno na shinikizo la damu wakati bado kuna nafasi ya kutibiwa. Kuhusu maswali, jiandae kwa moja hasa: kwa nini afisa na si askari? Luteni Usu hukabidhiwa platuni ya watu wapatao 30, wakiwamo masajini waliotumikia jeshi tangu yeye akiwa shule ya msingi, na ndiye anayeulizwa wamekula nini, wamelala wapi na nani anaumwa. Jibu linaloanza na mshahara au magwanda litakuangusha. Kama JKT uliwahi kusimamia wenzako wakiwa wamechoka na wamenuna, eleza ulifanya nini siku hiyo, na kama ulikosea, eleza ulirekebisha vipi.

SWALI: Kuna mtu anadai ana ndugu makao makuu na anataka shilingi laki tano ili jina la binti yangu lipite. Tunataka kuuza mbuzi. Unatushauri nini? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, msiuze mbuzi. Nafasi za jeshi hazilipiwi, na Jeshi lenyewe limewaonya wananchi mara nyingi kuhusu matapeli wa namna hii. Akitumwa pesa huyo atazima simu, na binti yako atabaki na jina la mtu aliyejaribu kuhonga. Hifadhi ujumbe wake wote pamoja na namba yake, kisha piga TAKUKURU kwa 113. Simu hiyo hailipiwi.