Faini za Barabarani na Ombi la Uraia wa Marekani

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio, na nina kadi ya ukaazi wa kudumu tangu mwaka 2018. Hivi karibuni nimetuma Fomu N-400 ya kuomba uraia, na penye swali la polisi nilijibu "hapana", kwa kuwa sijawahi kukamatwa. Baadaye mke wangu alinikumbusha faini tatu: ya mwendo kasi mwaka 2019, ya kupita taa nyekundu mwaka 2021 na ya kutofunga mkanda mwaka 2022. Kubwa kabisa ilikuwa dola 150, na zote nililipa, ila risiti iliyobaki ni moja. Rafiki ananiambia ninyamaze, nisijichongee. Je, nimeliharibu ombi langu?

JIBU: Ndugu yangu, hujaliharibu, lakini ukimsikiliza rafiki yako unaweza kuliharibu.

Wengi wetu tukisikia "polisi" tunafikiria pingu na mahabusu, na nyumbani Tanzania mtu akishalipa notifikesheni ya trafiki huona mambo yamekwisha. Swali la N-400 ni pana zaidi: linauliza kama umewahi kukamatwa, kuzuiliwa au kuandikiwa kosa na askari kwa sababu yoyote ile. Ile karatasi uliyokabidhiwa dirishani mwa gari ni kuandikiwa kosa, hata kama ulilipa siku iliyofuata.

Faini tatu ndogo kama zako, kwa kawaida, hazimnyimi mtu uraia. Maelekezo ya fomu yenyewe hayadai vielelezo kwa kosa la barabarani ambalo halikuhusisha kukamatwa, ulevi wala dawa za kulevya, iwapo adhabu yake ilikuwa faini isiyofika dola 500 au pointi kwenye leseni. Kutodaiwa vielelezo, hata hivyo, si ruhusa ya kutotaja, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Sheria inamtaka mwombaji awe na mwenendo mwema, hasa katika miaka mitano kabla ya kuomba, au mitatu kwa anayeomba kupitia mwenzi wake aliye raia, na inahesabu kusema uongo chini ya kiapo ili upate uraia kuwa dosari ya mwenendo huo, hata kama jambo lililofichwa lilikuwa dogo. Isitoshe, mwongozo ambao USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, iliutoa Agosti 2025 unawaruhusu maofisa kupima pia makosa ya barabarani ya kizembe au ya kujirudiarudia. Zako ni tatu kati ya 2019 na 2022, kwa hiyo zieleze mwenyewe.

Nafasi ya kusahihisha unayo. Siku ya usaili ofisa hukuapisha kwanza, kisha huipitia fomu pamoja nawe, na mwishoni unatia saini kuthibitisha majibu pamoja na masahihisho yaliyofanywa. Usingoje akubane. Mwambie mapema kwamba jibu lako la polisi linahitaji kurekebishwa, kwa kuwa ulidhani swali linahusu kukamatwa tu, na umpe karatasi yenye tarehe, mahali, kosa na kiasi ulicholipa. Sahihisho linalotolewa kwa hiari kabla mtu hajagunduliwa lina uzito tofauti kabisa na lile linalotolewa baada ya ofisa kukuwekea rekodi mezani.

Risiti zilizopotea zisikunyime usingizi. Omba kumbukumbu zako za udereva kwenye idara ya magari ya Ohio, kisha kwa kila kosa uiombe mahakama iliyolishughulikia hati yenye mhuri inayoonyesha jinsi shauri lilivyokwisha. Hazidaiwi kwa faini zako, lakini mimi ningezibeba.

Ukiwa huko mahakamani, hakikisha hakuna siku uliyotakiwa kufika ukakosa. Wito usioitikiwa huweza kuzaa hati ya kukamatwa au kusimamishwa kwa leseni bila mwenyewe kujua, na kuendesha gari leseni ikiwa imesimamishwa ni kosa zito kuliko haya yote. Ukikuta jambo la namna hiyo, mwone wakili wa uhamiaji kabla ya siku ya usaili.