Semina imepita, mikono bado hainawiwi

Pole na kazi, dada. Umesema wenzako hapo zahanati, Moshi, walikaa semina ya kinga na udhibiti wa maambukizi, wakasaini posho, na wiki iliyofuata glavu zilezile zinahudumia wagonjwa wawili. Usiitishe semina nyingine. Fundisha palepale chumba cha sindano, dakika kumi wakati wa kupokezana zamu, jambo moja kwa wiki.

Anza na mikono: maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, sanitaiza 20 hadi 30. Ila kwanza maji yawepo. Ndoo yenye koki inatosha, huwezi kumlaumu mtu kwa sinki kavu. Kisha simama pembeni uhesabu wanaonawa kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Bandika jumla ukutani bila majina. Majina yataleta chuki, nakuambia.

Wahudumu wa usafi nao wawemo, tena mstari wa mbele, maana ndio wanaobeba taka na kuchanganya dawa ya kuua vijidudu. Jiki ya asilimia 3.5: kipimo kimoja, maji vipimo sita, unapata 0.5. Wachanganye mbele yako, na wasiweke asidi humo kamwe.

Sindano isirudishiwe kifuniko; boksi la sindano lifungwe likifika robo tatu. Aliyejichoma aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, kisha aonwe na daktari siku hiyohiyo. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo, haingoji zaidi ya saa 72.

Vidonda vikianza kuoza kwa wagonjwa kadhaa, waite timu ya afya ya halmashauri.