Mikorosho ya mama yangu, jina la mume wangu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi kijijini upande wa Kitangari, wilaya ya Newala. Nimeolewa mwaka wa 14 huu, tuna watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili na amepanga geto karibu na shule. Tuna mikorosho 120. Kati ya hiyo, 45 nilipewa na marehemu mama, lakini yote imeandikwa kwenye chama cha msingi cha wakulima kwa jina la mume wangu. Hela ya mnada inaingia akaunti yake. Msimu uliopita, baada ya makato, tulipata kama 2,500 kwa kilo, lakini kilo 300 zilikuwa za watu: mwezi wa sita alichukua 360,000 kwa kangomba, yaani kuziuza kabla ya mavuno kwa bei ya chini, kilo moja 1,200. Iliyobaki ilinunua spika, ikatengeneza pikipiki, ikachangia ngoma ya mdogo wake. Februari tulikuwa tunaulizana chumvi itatoka wapi. Hanipigi wala hanitukani, ila hela haikai. Mimi nauza vitumbua asubuhi, naweka 2,000 kila siku kwenye kibubu, lakini kinavunjwa kila shida ikija. Nimekopa kwenye simu laki moja, nikapewa 82,000, sasa nadaiwa 130,000 na wanawatumia ndugu zangu meseji. Nataka nijitegemee. Nifiche hela? Au niende kwa dada yangu Dar nikaanze upya? Na shemeji mwingine anataka mchango wa unyago wa binti yake, laki mbili. Nimjibu nini?
Mama Somoe (jina si langu)

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo. Mara ya pili nikakukasirikia wewe kidogo, utanisamehe. Mara ya tatu ndipo nikaliona lile neno ulilolipitisha haraka kama mtu anayeruka dimbwi: mikorosho 45 ya marehemu mama yako, imeandikwa kwa jina la mumeo.

Tuanzie hapo. Kibubu, vitumbua, hata deni la simu, vyote vitapata dawa. Lakini mti wako ukizaa kwa jina la mtu mwingine, hela yako inazaliwa kwa mtu mwingine, na wewe kila mwaka unabaki kuiomba kama mgeni. Huku kwetu tangu zamani mali ilifuata upande wa mama, na mjomba ndiye alikuwa na kauli. Bibi zetu wangeshangaa kusikia mikorosho ya ukoo wa mke imehamia kwa mume kwa sababu tu siku ya kuandikishana mke alikuwa jikoni. Na sheria ya nchi nayo iko upande wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuolewa hakubadilishi umiliki wa mali aliyokuwa nayo mtu, na mke ana haki ya kumiliki mali yake kwa jina lake sawasawa na mume.

Kwa hiyo, kabla ya kitu chochote, nenda chama chenu cha msingi ukaombe shamba lako liandikishwe kwa jina lako. Chukua kitambulisho chako na namba ya akaunti ya benki iliyo yako peke yako. Kama huna akaunti, fungua kwanza. Nenda mapema, maana pembejeo za ruzuku hutolewa kwa kufuata orodha ya wakulima walioandikishwa, na salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ikishaanza kugawiwa hakuna karani atakayekusikiliza. Asiyekuwa kwenye orodha husimama nje ya ghala akiangalia mifuko ikipita.

Najua unachowaza: mume wangu atasema namtenga. Ndiyo maana usiende chamani kimyakimya. Muite mjomba wako, au yeyote aliyeshika nafasi yake kwenye ukoo, aje kukaa na ninyi wawili. Mchague siku ambayo hakuna hela ndani na hakuna deni linalogonga mlango. Hela ikiwapo watu husikia kelele yake tu. Mjomba aseme lile analolijua: miti hii ni ya mama yake, tunataka iandikwe kwake ili watoto wasije wakapata tabu. Hayo si maneno ya kumvunjia heshima mumeo. Na yeye hatabaki mikono mitupu, ana mikorosho yake 75, na mtaendelea kupalilia pamoja na kula sufuria moja.

Sasa swali lako la kuficha. Jibu langu litakuudhi. Usifiche akaunti. Ficha namba ya siri. Mumeo ajue kuwa una akaunti, ajue hata benki gani, ila asijue namba, na wewe usijue yake. Mke anayeficha kila kitu huishi kama mwizi nyumbani kwake, na siku karatasi ya benki ikidondoka kutoka kwenye kitenge, kesi inakuwa ya uongo, hela inasahaulika. (Nisingesema hivi kama angekuwa anakupiga. Hapo ningekwambia mengine kabisa, na kituo cha polisi kina dawati la jinsia kwa kazi hiyo.)

Nikurudishe kwenye kangomba, maana naona mnaitaja kama mnavyotaja mvua, kitu kinachokuja tu. Hebu tupige hesabu. Mlichukua 360,000 mwezi wa sita. Mkalipa kilo 300. Kilo hizo 300 mngezipeleka ghalani mkauza mnadani kwa 2,500 mngepata 750,000. Maana yake mlikopa 360,000 mkarudisha zaidi ya mara mbili, ndani ya miezi mitano. Hakuna benki Tanzania nzima inayothubutu kudai riba ya namna hiyo mchana kweupe. Stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kupeleka korosho ghalani zikauzwe mnadani, pamoja na lawama zake zote, ililetwa huku mwaka 2007 ili korosho isubiri bei na mkulima asiuze kwa njaa. Mwenye kangomba anajua njaa yenu inakuja lini kuliko mnavyojua wenyewe. Huja Mei na Juni, wakati ugonjwa wa ubwiriunga unaanza kunyemelea maua, salfa inatakiwa, mwenye bomba la kupulizia anataka chake, na mfukoni hamna kitu. Hajawahi kuja Desemba.

Kwa hiyo swali ni hili: Mei mtapata wapi hela?

Umenitajia kibubu, hukunitajia kikoba. Nina hakika kijiji chenu kina vikundi vya akina mama vya kununua hisa, na kama hujajiunga, jiunge. Lakini kuna jambo moja ambalo vikundi vingi vya huku vinalikosea, na nimelisema hadi midomo imekauka. Vinavunja mzunguko na kugawana Desemba! Desemba, mwanangu, wakati hela ya korosho imejaa mitaani na kila mtu ana ngoma ya kwenda. Mgao unakutana na mnada, vyote vinaishia kwenye spika. Simama kikaoni useme: tuvunje mwanzoni mwa Mei. Hisa unazonunua kuanzia Novemba, hela ikiwapo, zirudi kwako Mei, mwezi ule ule mwenye kangomba anapopiga hodi. Utamkaribisha kiti, utampa maji, na atakwenda zake.

Mwaka huu umeshachelewa, najua. Kopa basi kwenye kikundi. Tuseme kikundi kinatoza asilimia 10 kwa mkopo wa miezi mitatu. Ukichukua 200,000 na ukaiendeleza mara moja hadi mnada ufunguliwe, riba ni 40,000. Hela hiyo hiyo kwa kangomba ingekugharimu kama kilo 167, ambazo mnadani ni zaidi ya 415,000. Muoneshe mumeo hesabu hii kwa kalamu. Wanaume wengi wasiosikia maneno husikia namba.

Deni la simu ulimalize kwanza, hata kibubu kikivunjika mara hii ya mwisho. Mikopo ile huitwa kausha damu na jina limewapata. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Angalia kama aliyekukopesha ana leseni. Kama hana, malalamiko yako yana pa kwenda. Kuwatumia ndugu zako meseji za kukuaibisha si haki yake, awe na leseni au asiwe nayo. Ukishalipa, futa programu hiyo, na ndugu zako waambie ukweli mwenyewe. Aibu ukishaitangaza mwenyewe, hao hawana tena cha kukutishia.

Vitumbua. Hapa ndipo nilipokukasirikia. Umeniandikia unaweka 2,000 kila siku lakini hukuniambia unapata faida kiasi gani, na nadhani hujui. Watoto wanakula kwenye karai, mchele wa biashara unageuka wali wa jioni, sukari ya vitumbua inaingia kwenye chai ya mgeni. Nunua daftari la mia tano. Kila kitumbua anachokula mtoto kiandike kama umemuuzia mama yao, kisha lipa. Baada ya mwezi mmoja utajua kama unafanya biashara au unalisha mtaa.

Sasa tuseme msimu ujao mikorosho yako 45 imekupa kilo 450. Ni kubahatisha tu, mvua na ugonjwa ndivyo vinavyoamua, na bei haina mwenyewe. Wote tunakumbuka mwaka 2018, wanunuzi walipogoma na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa 3,300, wanajeshi wakaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini wako waliongoja malipo miezi. Kwa hiyo usipange kwa bei ya ndoto. Chukua 2,500 ile ile. Unapata 1,125,000.

Hela hiyo ikiingia, usiiguse wiki nzima. Kisha toa 300,000 ya shamba: palizi, kupulizia, gunia. Weka 225,000 ya maradhi na misiba, mahali ambapo kuitoa kunahitaji nauli. Zinabaki 600,000. Zigawe kwa miezi kumi na miwili, ni 50,000 kila mwezi, na hiyo ndiyo iwe mshahara wako. Mwalimu wa shule hapo kijijini hana hela nyingi kuliko mkulima mwenye mikorosho ya kutosha, ila yake inakuja mara kumi na mbili. Yetu inakuja kwa kishindo, inatudanganya kuwa sisi ni matajiri, kisha Februari tunaazimana chumvi. Ukijilipa 50,000 kila mwezi, kodi ya geto la mtoto inatoka humo, na vitumbua vinabaki kukuza akiba.

Akiba ikikua, isilale benki. Wengi huku wanajua kiwanja tu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Wakati ule wa kelele za gesi nilinunua kiwanja nje kidogo ya Mtwara mjini, nikaambiwa wazungu watapanga nyumba kwa dola. Kiwanja kipo, kina mbuzi wa watu. Laiti ile hela ningeinunulia vipande vya mifuko ya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja iliyo chini ya serikali, unaweza kuweka kidogo kidogo kwa simu na kuchukua ukiwa na shida. Ukifikisha milioni moja unaweza hata kuikopesha serikali kwa hatifungani, yaani hati ya deni la serikali, ikakulipa riba kila miezi sita. Hayo ni ya mbele, nakuonesha tu kuwa njia haiishii kwenye kibubu.

Kuhusu Dar, usiende kwa sababu ya hela. Dar utapanga chumba, utanunua maji, utauza vitumbua vile vile mbele ya mlango wa mtu, na mikorosho yako 45 utaiacha ikipaliliwa na nani? Ukitaka kwenda kwa sababu ndoa imekuchosha, niandikie barua nyingine, hiyo tutaisema siku yake.

Na shemeji na laki mbili zake. Ngoma si jambo la kukwepa, usije ukatengwa bure, na binti wa watu hana kosa. Mwambie hivi, mbele ya mumeo ili asije akaahidi nyongeza kwa mlango wa nyuma: "Shemeji, mwaka huu mchango wangu ni vitumbua vya asubuhi ya ngoma, siku zote mbili. Nitapika kwa mkono wangu, na mchele ni wangu." Gharama yake haitazidi elfu arobaini. Nayo uiandike kwenye daftari.