Mai Tai ya wageni 20: anza na ramu, nanasi liache pembeni

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuandaa Mai Tai kwa wageni 20 kwenye sherehe yako ya mtindo wa visiwa vya Pasifiki, ukasema tayari una ramu nyeupe, juisi ya nanasi, juisi ya machungwa na shira nyekundu ya komamanga. Kinywaji hiki nimekiandaa kwenye sherehe nyingi za ndugu na marafiki na nakipenda kweli, kwa hiyo uniwie radhi kwa urefu. Kuandaa unaweza, na wala si kazi ngumu. Ila hivyo ulivyotaja vitakupa juisi ya matunda yenye kilevi, na Mai Tai ni kitu kingine kabisa.

Mai Tai iliundwa ili ramu nzuri ionekane uzuri wake. Victor Bergeron, yule aliyejulikana kama Trader Vic, alieleza kwamba aliichanganya mwaka 1944 kwenye mgahawa wake huko Oakland, California, akianzia na ramu ya Jamaika ya J. Wray & Nephew yenye umri wa miaka 17. Mtu mwenye ramu kama hiyo mkononi haizamishi kwenye nanasi. Alitia ndimu, pombe tamu ya maganda ya machungwa iitwayo curaçao, shira ya lozi na shira ya sukari kidogo, basi. Mwaka 1953 akakipeleka kinywaji hicho kwenye hoteli za kampuni ya Matson huko Hawaii, na ni Hawaii ndiko nanasi lilikoingia. Watalii wakalipenda, ndiyo maana leo mapishi mengi unayokutana nayo yana nanasi. Lina wapenzi wake na siwazuii, lakini mgeni anayeonja Mai Tai kwa mara ya kwanza anastahili ile ya asili.

Kwa glasi moja mimi natumia ramu mililita 60, maji ya ndimu 30, curaçao 15, shira ya lozi 15, na shira ya sukari kijiko kimoja na nusu cha chai. Bergeron aliweka lozi nusu ya hapo. Mimi naongeza kwa sababu wageni wengi ndiyo ladha wanayoiulizia.

Ramu nyeupe yako ihifadhi kwa kazi nyingine. Hapa inatakiwa iliyokaa kwenye pipa miaka kadhaa, na kama mfuko unaruhusu changanya mbili: nusu ya Jamaika, ambayo ina harufu nzito ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na nusu nyingine yoyote ya pipa iliyo laini zaidi. Hata Bergeron, ile ya miaka 17 ilipomwishia, alihamia kwenye kuchanganya ramu. Ramu zilizotiwa ladha ya nazi usiziguse kwa kazi hii, zinafunika kila kitu.

Sasa shira ya lozi, maana hapa ndipo wengi wanapokata kona. Za dukani nyingi ni sukari na harufu ya kutengenezwa. Chukua gramu 200 za lozi, zimwagie maji ya moto kwa dakika moja au mbili ili maganda yachomoke, zimenye, kisha zisage na maji mililita 400. Ziache saa nne au tano, halafu chuja kwa kitambaa safi na ukamue kwa nguvu zako zote. Hilo tui la lozi lipime, ulitie sukari yenye uzito uleule, ubandike kwenye moto mdogo huku unakoroga mpaka sukari iyeyuke. Lisichemke! Likichemka lile tui linapoteza ubichi wake, na ubichi huo ndio tunaoutafuta. Likishapoa tia nusu kijiko cha chai cha maji ya maua ya mchungwa. Ukiyakosa, maji ya waridi yanafaa. Utapata kama nusu lita. Weka kwenye friji na uitumie ndani ya wiki. Ukikuta imejitenga juu na chini usiogope, tikisa chupa tu.

Na kabla hujamimina hata tone, waulize wageni nani ana mzio wa lozi au karanga. Bandika karatasi kwenye chupa pia, kwa sababu ukishaanza kucheza muziki utasahau kuuliza.

Kwa watu 20, asubuhi ya sherehe changanya kwenye chombo kikubwa ramu lita 1.2, curaçao mililita 300, shira ya lozi 300 na shira ya sukari 150. Funika, weka kwenye friji. Ndimu usizitie humo. Nunua 25 hadi 30, uzikamue saa chache kabla wageni hawajafika, na maji yake yakae kwenye chupa yake peke yake. Maji ya ndimu yaliyolala yanapooza, na kinywaji kizima kinapooza nayo. Barafu nayo isiingie kwenye jagi: inayeyuka polepole, na mgeni wa mwisho anakunywa maji.

Wakati wa kumpa mgeni, pima mililita 100 kasoro kidogo za mchanganyiko wako na 30 za ndimu, tia kwenye chombo cha kutikisia pamoja na barafu iliyopondwa, tikisa kwa nguvu kama sekunde kumi, kisha mimina vyote pamoja na barafu yake kwenye glasi. Chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kinachokaza inatosha kutikisia. Maji kidogo yanayotoka kwenye barafu wakati wa kutikisa ni sehemu ya kinywaji, usijaribu kuyakwepa. Barafu iponde ndani ya kitambaa kizito kwa mchi, na uponde nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Juu weka nusu ya ganda la ndimu uliyokamua, mgongo ukiangalia juu, na shada la mnanaa pembeni yake. Huo mnanaa upige kwanza viganjani ili harufu itoke, na mrija uuweke karibu nao, pua ipate harufu kabla ya mdomo kupata ladha.

Kuhusu mapambo ya ukumbi, ushauri wangu ni majani mapana, maua na taa hafifu. Sanamu za kuchonga za nyuso ziache. Kwa watu wa Polynesia, sehemu ya visiwa hivyo vya Pasifiki, zina maana ya kiimani, na sherehe haipungukiwi na kitu zisipokuwepo.

Usisahau pia kwamba kinywaji hiki ni kikali na utamu wake unaficha. Ramu peke yake, mililita 60 za asilimia 40, inakaribia bia ya nusu lita ya asilimia 5, na hapo curaçao hujaihesabu. Chakula kitangulie, na maji ya kunywa yawe mezani muda wote. Wasiokunywa pombe watengenezee kwa juisi ya machungwa mililita 60, ndimu 20 na shira ya lozi 20, tikisa vilevile na umalizie na maji ya soda. Wape glasi zilezile, na mnanaa uleule.