Miche elfu, mama mmoja

Ukienda kununua miche ya mvule, hapa Kalangala, visiwani Ziwa Victoria upande wa Uganda, au kule bara, muulize mwenye kitalu mbegu zake zimetoka kwa miti mama mingapi. Wengi watakushangaa. Wameokota chini ya mti mmoja tu, ule mkubwa wa kando ya barabara unaozaa sana, wakajaza viriba elfu.

Elfu hiyo yote ni watoto wa mama mmoja. Mvule una mti dume na mti jike, na visiwani ambako msitu umefyekwa kupisha michikichi, jike huenda linapata chavua ya dume moja tu lililosalia. Miche hiyo ikikua, itazaana ndugu kwa ndugu.

Hasara huanza kuonekana kitaluni. Kuna kidudu kiitwacho Phytolyma kinachotaga kwenye machipukizi ya mvule: chipukizi linavimba vinundu, linaoza, mche unadumaa. Mimi hupanga viriba kwa mistari, kila mama na mstari wake. Kidudu kikiingia, mstari mmoja unaisha wote, wa pili yake umeguswa majani mawili matatu. Ningekuwa na mama mmoja, na akawa yule wa mstari wa kwanza, ningefunga kitalu.

Huko St Helena, kisiwa cha Atlantiki, mwaka 1980 vilipatikana vichaka viwili vya mpingo wa kwao (si ndugu wa mpingo wetu) kwenye jabali, baada ya watu kuamini umekwisha. Sasa ipo maelfu, yote uzao wa hivyo viwili. Mzeituni wa kisiwa hichohicho haukuponea: ulikuwa haukubali kirahisi chavua yake wenyewe wala ya ndugu zake. Wa mwisho porini ulikufa 1994, wa mwisho bustanini 2003. Mvule haujafika huko, ndiyo maana kazi yetu bado ni nyepesi.

Wataalamu wa mbegu hutaka miti mama 30 au zaidi, iliyoachana mita 50 hadi 100. Kwenye kisiwa kidogo hutaipata. Chukua kwa yote iliyopo, kiasi sawa kwa kila mti, kisha panda boti uende kisiwa jirani kabla ya kukimbilia mbegu za Kampala. Tunda likamulie ndani ya maji, chuja kwa kitambaa, anika kivulini, na uzisie mapema kwa sababu mbegu ya mvule haikai. Kila mama apate kopo lake, namba iandikwe kwa kalamu ya risasi. Wino hufutika ukimwagilia. Mche uliochelewa kuota usiung'oe kwa hasira. Vipandikizi navyo havikuongezei kitu hapa, kwani ni mti uleule umerudiwa.

Siku ya kuuza, changanya. Mteja akitaka ishirini iliyonyooka ya mstari mmoja, mimi humpa ishirini ya mistari tofauti, bei ileile. Anayenuna na anune.