Kuzidisha anajua, fumbo linamshinda

Jumatatu nimepokea ujumbe wa mama mmoja: "Kaka, mwanangu yuko la saba. Kuzidisha anajua, kugawanya anajua, ila ukimpa fumbo anajumlisha kila namba anayoiona. Nimemchapa, nimemtafutia tuisheni, nimechoka."

Dada yangu, weka fimbo chini kwanza. Huyo mtoto ni mimi.

Nikiwa kidato cha pili mwalimu aliniita ubaoni. Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12 utakuwa mara mbili. Mwana ana miaka mingapi sasa? Nikaandika 3x + 12 = 2x + 12, nikapata x = 0, nikapiga mistari miwili chini ya jibu kwa madaha. Mwalimu akaligeukia darasa: "Na baba yake je?" Wakajibu kwa pamoja: "Sifuri!" Nimemaliza shule nikiitwa Baba Sifuri. Kicheko nilishakisamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alifuta ubao akamwita mwingine, kosa langu hakunionyesha.

Kosa lilikuwa mabano. Nilimkuza baba, mtoto nikamwacha na umri wake uleule, kisha 12 nikaibandika pembeni. Baada ya miaka 12 mtoto ana x + 12, na chote hicho ndicho kinazidishwa kwa mbili: 3x + 12 = 2(x + 12). Fungua mabano: 3x + 12 = 2x + 24. Basi x = 12, na baba ana 36. Rudi kwenye hadithi: miaka 12 ikipita, baba 48, mwana 24. Imekubali.

MAGAZIJUTO tuliikariri wote, mabano kwanza, kutoa mwisho. Lakini inakusaidia kwenye swali lililokwisha kuandikwa. Mabano uyaweke wapi wewe mwenyewe, hapo haikuambii kitu.

Kidato cha nne nikapata F ya Hesabu. Ya katikati nayaruka. Nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata C. Wapo watakaoicheka C. Wacheke, mimi naijua bei yake.

Kilichobadilika ni kidogo tu: nilianza kuandika maneno kabla ya namba. "x ni umri wa mwana sasa." Sentensi nzima, si x peke yake. Ndugu zangu, wengi wetu tunaruka hapo kwa haraka ya kuonekana tunajua, halafu tunasingizia akili.

Sasa huyu wa la saba. Mpe hili: Asha ana maembe 15. Ana maembe 6 zaidi ya Neema. Neema ana mangapi? Nina hakika atasema 21, kwa sababu ameona "zaidi". Usimwambie amekosa. Muulize nani ana maembe mengi. Asha. Basi Neema mwenye 21 ametoka wapi? Mwache ahangaike mwenyewe mpaka aifikie 9. Neno "zaidi" halimwamrishi mtu ajumlishe. Linasema nani kamzidi nani. Asome swali mara mbili kabla hajagusa kalamu. Narudia, mara mbili. Na akipata jibu alirudishe kwenye hadithi. Ningelirudisha langu siku ile, ningemwona baba wa miaka sifuri kabla ya darasa zima kumwona.

Jana nilimtumia mama yule swali jingine: madaftari 5 na kalamu 3 kwa shilingi 6,500, daftari moja limezidi kalamu moja kwa shilingi 500, kila kimoja bei gani? Asubuhi jibu limerudi kwa picha, mwandiko wa mtoto: kalamu 500, daftari 1,000. Ni sahihi. Mistari miwili ameipiga chini, imenyooka kwa rula.

Njia hajaandika hata mstari mmoja. Nimemrudishia.