Kasamaki ka rangi niliona Zanzibar, ni aina mpya?

Ndugu wa Bukavu, nimekusoma, ulipiga foto ya kasamaki kadogo kwenye matumbawe ya Zanzibar na unataka kukapa jina. Pole pole kwanza! Samaki wengi wa matumbawe, dume, jike na mtoto, kila mmoja iko na rangi tofauti kabisa, unaweza amini ni aina mpya kumbe ni jike ya ile inajulikana kitambo. Anza na FishBase, ile orodha ya samaki wa dunia kwenye internet, iko bure, ina na mafoto.

Ukikosa, foto pekee haitoshi, karibu kila mara wataalamu wanataka samaki mwenyewe awekwe kwenye makumbusho. Mtu anamupiga foto mbele rangi haijaisha, anakata kipande cha pezi anaweka kwenye alkoholi kwa DNA, ndiyo anamutia formalini (dawa ya kuzuia samaki asioze), usigeuze hiyo mpangilio maana formalini inaharibu DNA, tena ni sumu, usiichezee nyumbani. Na usivue bila kibali cha serikali ya kule.

Jina lako mwenyewe? Haikatazwi ila watacheka. Afadhali jina lingine, kama Cirrhilabrus wakanda, samaki ya kule kule Zanzibar, 2019 ilipewa jina ya Wakanda, ile nchi ya filamu Black Panther. Mi ningeuliza kwanza kituo cha haidrobiolojia (utafiti wa viumbe vya maji) cha Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, wanajua ya ziwa zaidi lakini watakuelekeza kwa mtaalamu wa bahari, nenda na foto zote, tarehe, na kina cha maji.